Kazi ya Melini Hainunuliwi

Saa tano za usiku. Mvua imeacha tope Kawangware, kuanzia stendi ya 46 hadi Gatina, na matatu za mwisho zinapiga honi zikitafuta abiria wa kurudi mjini. Ndani ya chumba cha mabati, mama muuza chai na mandazi ameegemeza simu kwenye thamosi ili sote tulioketi tuone. Kwenye kioo cha simu yuko bintiye mkubwa, amejikunyata ndani ya jaketi zito, upepo unamvuruga nywele. Nyuma yake kuna maji ya rangi ya risasi, milima yenye theluji vileleni, na anga angavu kama ya kwetu saa kumi na mbili jioni.

"Mama, huku ni saa nne usiku," anasema. "Jua bado halijatua."

"Halijatua aje? Kwani huko Mungu hazimi taa?"

"Anazima saa tano na kitu, mama. Nikiamka kwenda kazini ameshawasha."

Kicheko kinajaa chumbani. Kisha mama anauliza swali ambalo kila mzazi humuuliza mtoto aliye mbali: "Umekula?" Binti anajibu kwamba amekula, kwamba leo alikuwa na vyumba kumi na sita vya kusafisha, kwamba miguu inamuuma lakini yuko salama. Ilikuwa mwishoni mwa Juni, na meli yao ya kitalii ilikuwa imeng'oa nanga jioni hiyo kutoka Bergen, mji wa bandari magharibi mwa Norwei.

Simu ilipokatika, mama alinigeukia. "Wewe ni mwandishi. Kila wiki kuna kijana anakuja hapa kibandani kuniuliza nilimlipa nani ndio msichana wangu akapata meli. Waandikie. Waambie sikumlipa mtu."

Makala haya yanatimiza ombi lake.

Hoteli inayotembea

Wengi wetu tunaijua meli kama chombo cha kubeba makontena. Meli ya kitalii ni hoteli. Ina mamia ya vyumba, mikahawa, kumbi za muziki, mabwawa ya kuogelea na zahanati yake. Mgeni hupanda na sanduku lake mara moja tu, na hoteli yenyewe ndiyo inayompeleka kutoka mji hadi mji. Usiku meli husafiri, alfajiri hufunga gati, mchana mgeni hutembea mjini, na jioni hurudi kwenye kitanda kile kile alichokilalia jana.

Kaskazini mwa Ulaya msimu wa safari hizi huanza takriban Mei na kuisha Septemba, wakati mchana ni mrefu na bahari imepunguza hasira. Ziko njia mbili kuu. Ya kwanza ni ya Bahari ya Baltiki. Wageni hushuka Copenhagen, ambako sanamu ya nguva imekaa juu ya jiwe kando ya maji tangu mwaka 1913. Huenda Stockholm, mji uliojengwa juu ya visiwa 14, na meli huufikia baada ya kupenya kwa saa kadhaa kati ya visiwa vidogo visivyohesabika. Hufika Helsinki, kisha Tallinn, ambako mji wa kale wenye kuta za mawe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1997. Zamani kilele cha njia hiyo kilikuwa St. Petersburg, na meli zililala huko siku mbili au tatu. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, kampuni kubwa za Magharibi ziliuondoa mji huo katika ratiba zao.

Njia ya pili ni ya Norwei. Meli hutoka Southampton, Hamburg au Kiel, zikaelekea Bergen na zile hori za bahari zinazoingia ndani kabisa katikati ya milima. Geirangerfjord, iliyo katika orodha ya UNESCO tangu 2005, ndiyo mashuhuri kuliko zote. Ukitaka kuiona kwa macho ya hapa nyumbani, simama ukingoni pa Bonde la Ufa, ulijaze maji ya chumvi hadi miguuni pa kuta zake, kisha upitishe humo meli yenye ghorofa kumi na tano.

Na vyombo vyenyewe vimekuwa vikubwa kupita mazoea. Icon of the Seas, iliyojengwa Turku nchini Ufini na kuanza kazi Januari 2024, ina urefu wa mita 365. Ikijaa hubeba abiria wapatao 7,600, na wafanyakazi wake ni wapatao 2,350. Meli hiyo hutembea Karibiani, lakini hesabu yake inafaa kukumbukwa popote: takriban mfanyakazi mmoja kwa kila wageni watatu. Mtu lazima atandike vitanda hivyo, apike chakula hicho, afue mashuka hayo na aoshe vyungu hivyo. Hapo ndipo mitaa ya Nairobi kama Kawangware na Kibera inapoingia.

Chini ya sitaha

Mgeni yuko likizoni kwa siku saba au kumi na nne. Anayemtandikia kitanda yuko kazini miezi sita hadi tisa mfululizo, siku saba kwa wiki. Hakuna Jumapili baharini. Wageni wa leo wakishuka asubuhi, wapya wanapanda mchana, na katikati ya saa hizo chache kila chumba lazima kiwe kama hakijawahi kulaliwa. Mfanyakazi mwenyewe hulala ghorofa za chini, mara nyingi chumba kisicho na dirisha, kitanda juu ya kitanda, na mwenzake kutoka Ufilipino, India au Indonesia.

Sikuandika haya kumtisha mtu. Mama fua anayeamka alfajiri Kawangware na kwenda kuketi kando ya barabara za Lavington, akingoja gari lisimame na mtu amwite kwa kazi ya siku moja, anajua uzito wa kazi kuliko mimi. Tofauti ni kwamba mama huyo hana karatasi. Mhudumu wa melini anayo, na karatasi hiyo ina nguvu akijua kuisoma.

Karatasi hiyo inatokana na Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, uliopitishwa Geneva na Shirika la Kazi Duniani, ILO, na kuanza kutumika Agosti 2013. Kenya iliuridhia mwaka 2014. Mabaharia huuita hati ya haki zao, na hawajakosea. Unasema mfanyakazi wa melini, awe nahodha au mwosha vyombo, ni baharia mbele ya sheria. Unasema lazima awe na mkataba wa maandishi, apewe nafasi ya kuusoma na kutafuta ushauri kabla ya kutia sahihi, na abaki na nakala yake. Unaweka mipaka ya saa: ama kazi isizidi saa 14 katika kila saa 24 na saa 72 kwa wiki, ama mapumziko yasipungue saa 10 katika kila saa 24 na saa 77 kwa wiki. Akiugua akiwa kazini, matibabu ni juu ya mwenye meli. Mkataba ukiisha, nauli ya kumrudisha nyumbani ni juu ya mwenye meli.

Kuhusu mshahara, ILO huweka kima cha chini cha kimataifa kwa baharia mwenye ujuzi wa sitahani. Kuanzia Januari 2025 kima hicho kilikuwa dola 673 kwa mwezi, kabla ya malipo ya saa za ziada. Mhudumu wa vyumba au wa meza si baharia wa sitahani, na malipo yake hutegemea mkataba wake na bahashishi. Ndiyo maana mtu akikuahidi dola elfu tatu za kuosha vyombo, moyo wako unapaswa kushtuka kabla haujafurahi.

Na sheria hizi zina mikono. Meli inaweza kupeperusha bendera ya Panama, Bahamas au Malta, lakini ikifunga gati Hamburg, Bergen au Southampton, wakaguzi wa bandari ya nchi hiyo wana haki ya kupanda na kuangalia kama wafanyakazi wanalipwa na wanapumzika. Baharia mwenye malalamiko anaweza kuyapeleka kwanza kwa wakuu wake melini, na akitaka, kwa wakaguzi hao nchi kavu. Katika bandari nyingi za kaskazini kuna nyumba za mabaharia zinazoendeshwa na makanisa. Mojawapo ni Duckdalben ya Hamburg, iliyofunguliwa mwaka 1986, ambako baharia yeyote, wa dini yoyote, anaweza kupiga simu nyumbani, kunywa chai na kupata mtu wa kumsikiliza. Kijana wa Kibera anayekwenda huko anapaswa kujua majina hayo mawili kabla ya kupanda ndege: mkaguzi wa bandari na nyumba ya mabaharia.

Tumeona pia sheria ikilemewa. Janga la korona lilipofunga bandari mwaka 2020, safari za kitalii zilisimama na wafanyakazi wakabaki wamefungiwa ndani ya meli zisizo na wageni. Kufikia mwisho wa mwaka huo, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini lilikadiria kwamba mabaharia 400,000 wa meli za kila aina walikuwa wamekwama kazini baada ya mikataba yao kuisha. Anayekwenda baharini aende akijua kwamba dunia inaweza kumfungia mlango akiwa nje.

Reli ilitoka baharini

Kuna watu husema, mtu wa Kibera na bahari wapi na wapi? Kutoka hapa hadi Mombasa ni karibu kilomita 500. Lakini tazama ile reli ya zamani inayoukata mtaa, ambayo watoto huitembelea wakienda shule na wauza mitumba hutandaza bidhaa kando yake. Ni mrithi wa njia iliyoanza kutandikwa ufuoni Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899. Na mtaa wenyewe ulizaliwa na safari. Wazee wa Kinubi waliouita Kibra, yaani msitu, walikuwa askari wa King's African Rifles waliotoka Sudan, wakatumikia mbali na kwao, na mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa la kijeshi. Watu wa hapa hawajaanza leo kwenda mbali kwa ajili ya kazi.

Kilichokosekana kwa muda mrefu ni njia. Kenya ina pwani, ina bandari kubwa kuliko zote Afrika Mashariki, lakini kwa miaka mingi vijana wake waliziona meli zikipita kama mtu anavyoiona ndege angani. Mwaka 2005 maharamia wa Kisomali waliishambulia meli ya kitalii Seabourn Spirit ikiwa njiani kuja Mombasa, na miaka iliyofuata wageni wa baharini wakapungua sana. Mambo yamebadilika tangu hapo. Mombasa ina jengo la kupokelea abiria wa meli za kitalii. Chuo cha Bandari kilipandishwa hadhi mwaka 2018 kuwa Bandari Maritime Academy. Kampuni ya MSC, yenye meli za mizigo na za kitalii, ilikubaliana na Serikali kuajiri vijana wa Kenya katika meli zake. Mlango haujafunguka wote, lakini haujafungwa tena.

Anayetaka kupita mlango huo anaanza na mambo manne ya msingi, ambayo mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia wa mwaka 1978, pamoja na marekebisho yake, unamtaka kila mtu ayajue: kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wake na wa wenzake kazini. Kwa meli za abiria huongezwa mafunzo ya kuongoza umati wakati wa hatari.

Mtihani unaowatoa jasho vijana wa mitaa yetu ni ule wa kwanza. Unavaa jaketi la kuokolea, unaruka kutoka juu hadi ndani ya maji, unaogelea nalo, na unageuza mtumbwi wa mpira uliopinduka. Mtoto wa Silanga, Kibera, amekua akiangalia Bwawa la Nairobi, lililochimbwa mwaka 1953, na hajawahi kutia mguu humo kwa sababu limefunikwa na magugumaji na taka. Hajui kuogelea, na hilo si kosa lake. Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa kijana anayeota meli ni mwepesi: kabla ya kutafuta ajenti, tafuta mwalimu wa kuogelea.

Kwa nini mtandika vitanda aruke majini? Kwa sababu bahari haimwulizi mtu kazi yake. Titanic iliondoka Southampton, bandari ile ile inayotumiwa na watalii leo, tarehe 10 Aprili 1912. Baada ya kuzama kwake mataifa yalikutana na kuandika mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini mwaka 1914. Usiku wa Septemba 28, 1994, feri Estonia ilizama katika Baltiki ikitoka Tallinn kwenda Stockholm, na watu 852 wakafa. Sisi tulikuwa tumeshalia mwaka huo huo: Aprili 29 feri ya Mtongwe ilipinduka Mombasa na kuua watu 272, karibu kabisa na nchi kavu. Melini, kengele ya hatari ikilia, anayesimama mlangoni na kuwaelekeza wageni mia kwenye mashua za kuokolea ni yule yule aliyewatandikia vitanda asubuhi. Maisha yao yamo mikononi mwa msichana wa Kawangware. Hiyo ni heshima, na mafunzo yake hayapaswi kuchukuliwa kama karatasi ya kununua mtaani.

Mpwa wangu na bango la meli nyeupe

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma.

Mwaka mmoja uliopita mpwa wangu, kijana wa Laini Saba, Kibera, aliyesomea mapishi, alinipigia simu sauti ikimtetemeka kwa furaha. "Mjomba, nimepata meli. Naenda Ujerumani." Alikuwa ameingia ofisi moja ya katikati ya jiji, ghorofani, yenye bango kubwa la meli nyeupe na mashine ya maji ya kunywa. Walimwambia nafasi ni chache. Walimwomba Sh80,000: nusu ya "kushikilia nafasi," nusu ya viza. Mama yake, ambaye ni dada yangu, alichukua mkopo kwenye chama na kuongezea akiba ya karo ya mdogo wake. Pesa zilitumwa kwa M-Pesa kwa nambari ya mtu binafsi, risiti hakuna.

Alipewa barua yenye jina la meli na tarehe ya kusafiri. Tarehe ikasogezwa mara moja, ikasogezwa tena, ikasogezwa mara ya tatu. Siku aliyokwenda na begi, ofisi ilikuwa na kufuli na bango limeondolewa. Simu ikawa haipatikani.

Nilimkuta ameketi kando ya reli, barua mkononi. Hakuniambia chochote kuhusu pesa. Aliniambia, "Mjomba, nilikuwa nimeshawaaga watu." Aibu ile ilimwingia kuliko hasara, na ndiyo inayofanya wengi walioibiwa wanyamaze, na kunyamaza kwao ndiko kunakomlisha tapeli wa kesho.

Laiti mmoja wetu angalijua kifungu kimoja tu cha ule mkataba wa 2006. Unakataza ada ya kuajiriwa kutozwa baharia, moja kwa moja au kwa kuzunguka, kwa ukamilifu au kwa sehemu. Anayelipa gharama ya kutafuta mfanyakazi ni mwenye meli. Baharia anaweza kugharamia vitu vitatu tu: cheti cha afya kinachotakiwa na sheria ya nchi yake, kitabu cha baharia, na pasipoti. Viza imetajwa waziwazi: ni juu ya mwenye meli. Soma tena sentensi hiyo. Mpwa wangu aliibiwa kwa jina la kitu ambacho sheria inasema hakupaswa kukilipia hata senti.

Ada ya mafunzo ni jambo jingine, na tapeli hupenda kuvichanganya hivi viwili. Mafunzo unayalipia chuoni, kwa akaunti ya chuo, na unarudi na risiti na cheti chenye jina lako. Cheti hicho ni chako hata kama kampuni ya kwanza itakukataa. Ukilipia nafasi ya kazi unarudi na ahadi, na ahadi haina mwenyewe.

Kuna njia za kuhakikisha. Mamlaka ya Usafiri wa Baharini Kenya, KMA, ndiyo inayotoa leseni kwa mawakala wa kuajiri mabaharia na kuidhinisha vyuo vya mafunzo. Kabla ya kumpa mtu hata nakala ya kitambulisho chako, iulize KMA kama wakala huyo ana leseni, na kama chuo kinatambuliwa. Tafuta jina la meli mwenyewe. Meli za kweli zina ratiba zilizotangazwa kwa umma, na kampuni zao zina kurasa za kazi ambako maombi hayalipiwi. Mwombe wakala nakala ya mkataba wa kazi, uende nao kwa mtu anayejua kusoma sheria. Wakala wa kweli hatakasirika. Anayekuambia "tuma leo, kesho nafasi haipo" amekwisha kujitambulisha.

Mgeni na mwenyeji

Nimeulizwa kama si vibaya kuwatuma watoto wetu kwenda kuwatumikia watu walio likizoni. Nalifikiria swali hili kila nipitapo Kibera.

Mtaa huu unamjua mtalii tangu zamani. Filamu The Constant Gardener ilipigwa hapa kwa sehemu na kutoka mwaka 2005. Barack Obama, akiwa seneta, alifika mwaka 2006. Na makundi ya wageni wenye kamera yamekuwa yakipitishwa vichochoroni kwa malipo. Kennedy Odede, aliyekulia Kibera na kuanzisha shirika la SHOFCO, aliandika katika gazeti la New York Times mwaka 2010 kuipinga biashara hiyo. Alisimulia jinsi, akiwa kijana wa miaka kumi na sita, mgeni alivyompiga picha akiosha vyombo nje ya nyumba yao, akajihisi mnyama ndani ya kizimba. Wenyeji wa miji ya bandari kaskazini nao wana malalamiko yao: mwaka 2023 baraza la jiji la Amsterdam lilipiga kura kutaka gati la meli za kitalii liondolewe katikati ya jiji.

Naona tofauti kati ya kutazamwa na kuajiriwa. Kijana aliyepigwa picha akiosha vyombo hakuulizwa, hakulipwa na hakuwa na mkataba. Anayeosha vyombo melini kwa mkataba aliousoma, kwa mshahara anaojua, na mkaguzi wa kumlilia bandarini, ni mfanyakazi kama mfanyakazi mwingine yeyote duniani. Heshima ya kazi hailetwi na aina ya kazi. Inaletwa na kujua haki zako ndani ya kazi hiyo. Ndiyo maana tapeli wa ajira ana dhambi kubwa kuliko ya wizi: anamnyang'anya kijana heshima hiyo kabla hajaanza kazi. Hata wale wanaofanikiwa kupanda baada ya kununua nafasi huanza safari wakiwa na deni, na mwenye deni hathubutu kulalamika akifanyishwa kazi saa kumi na sita.

Kinachoweza kufanywa wiki hii

Habari za KMA na Bandari Maritime Academy ziko Mombasa, lakini wanaozihitaji wako pia Gatwekera, Lindi, Kabiro na Gatina. Naomba mamlaka hizi ziwafuate huko. Machifu wa Kibera na Kawangware huitisha baraza. Siku moja tu ya baraza inatosha kueleza vitu vitatu ambavyo baharia hulipia na vile ambavyo halipii. Vituo vya Huduma, ambako vijana hupanga foleni kuomba cheti cha tabia njema, vibandike orodha ya mawakala wenye leseni ukutani, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Makanisa, misikiti na vyama vya akina mama, ambavyo ndivyo hutoa mikopo ya safari hizi, viombe kuona leseni ya wakala kabla ya kutoa shilingi.

Kwa kijana: jifunze kuogelea, shika Kiingereza chako, somea upishi au utunzaji wa vyumba mahali panapotambuliwa, pata cheti cha usalama chenye jina lako, kisha uombe kazi mwenyewe. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, kwa hiyo zungumza na waliofika. Na kama umeshaibiwa, sema. Toa taarifa polisi, mwambie jirani. Mpwa wangu amekubali nisimulie habari zake kwa sababu hiyo.

Kwa mzazi: mtoto akija na habari za meli, usimkatishe tamaa na usikimbilie kuuza kitu. Muulize swali moja tu: unalipa nini, na unamlipa nani?

Mama wa Kawangware alitumia pesa kwa pasipoti ya bintiye, kwa cheti cha afya, kwa kitabu cha baharia na kwa mafunzo. Risiti zote nne amezihifadhi ndani ya Biblia. Aliponionyesha alizipanga juu ya meza moja baada ya nyingine, akasema, "Hizi ndizo nilizolipa." Ya tano haipo, kwa sababu kazi ya melini hainunuliwi.